Picha Mia Tisa za Chamwino

"Dada, hebu niitie fundi."

Mwanzo mbaya kuliko huo haujawahi kutamkwa katika duka la Bi Hamida, Barabara ya Sita, Dodoma. Ilikuwa Juni, Bunge la bajeti limeujaza mji wageni wenye suti na mafaili, upepo wa kipupwe unarusha vumbi mpaka kwenye meno, na foleni ya watu wanaosubiri kuchapa nyaraka imetoka mlangoni mpaka barazani. Lameck Ndahani aliipita foleni yote, begi la droni mgongoni, shati jeupe limenyooka kwa pasi, miwani ya jua juu ya kichwa. Akaenda kusimama mbele ya meza ya mwisho, ambako msichana mwenye koti la bluu alikuwa ameinamia kompyuta iliyopasuliwa tumbo.

"Fundi unamwona," msichana alisema bila kuinua uso. "Foleni ndiyo huioni?"

Watu wakacheka. Lameck akahisi masikio yanachemka. Alikuwa mtu wa kuchemka upesi, na alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia sauti nzuri. Alimtazama vizuri: chini ya koti, gauni la kitenge cha njano; nywele zimesukwa zikarudi nyuma; kwenye kifundo cha mkono, bangili nyeusi yenye waya mrefu uliobanwa kwenye bati la kompyuta.

"Na wewe umefungwa kamba usitoroke?"

"Nimejifunga ili umeme wa mwilini mwangu usiue kifaa. Wewe umefunguliwa na nani?"

Safari hii alicheka hata Bi Hamida, mwenye duka, mama wa makamo aliyekaa kwenye kiti chake cha plastiki na baibui lake jeusi. "Evodia, mteja huyo. Usimmeze mzima."

Lameck alinyoosha kidole kwenye kabati la kioo. "Nataka ile." Ilikuwa mashine nyeusi yenye ubavu wa kioo, taa nyekundu na za zambarau zikikimbizana ndani yake.

"Ya kazi gani?"

"Picha za droni. Mia tisa, mashamba ya zabibu ya Chamwino. Programu inaziunganisha zinakuwa ramani yenye kila kilima na kila mfereji. Wakulima wanataka kujua maji ya mvua yanapita wapi kabla hawajachimba."

Hakusema kwamba hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Hakusema kwamba mwezi mmoja uliopita aliacha kazi kwenye kampuni ya upimaji, ambako miaka mitatu alibebeshwa vyuma vya wenzake.

"Basi ile itakufia njiani," Evodia alisema.

"Ina kadi ya picha kubwa kuliko zote mjini!"

"Na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, giga kumi na sita tu. Sikiliza, kaka. Kadi ya picha ni punda. RAM ni mkokoteni. Punda hata awe na nguvu za tembo, mkokoteni ukiwa mdogo, zabibu zako zinabaki shambani." Akafuta mikono. "Na hapa, mwenye kazi kama yako haondoki na mashine mpaka tuijaribu kwa picha zake mwenyewe. Si za mfano. Zako. Lete flashi."

"Nisipoleta?"

"Utapungukiwa wewe, mimi nimeshakula."

Akaileta kesho yake asubuhi, na safari hiyo alipanga foleni.

Vifaa vilivyofaa ilibidi viagizwe Dar es Salaam, na majaribio yakachukua wiki tatu. Evodia alizipitisha picha za Lameck kwenye mashine moja baada ya nyingine, akaandika muda na matokeo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kila jioni saa kumi na moja alimpigia simu.

"Ya pili nayo imekufa. Picha ya mia nne na kumi."

"Pole."

"Usinipe pole mimi, wape wafiwa."

"Umekula lakini, malkia wa bisibisi?"

"Ugali na mlenda."

"Mrangi wa Kondoa anakula mlenda wetu?"

"Mlenda mna hati yake nyie Wagogo? Nenda huko, rubani wa nchi kavu."

Simu ya dakika mbili ikawa ya saa nzima. Wakaanza kula pamoja Jumapili baada ya misa, nyama ya mbuzi na ndizi, wakibishana juu ya kila kitu mpaka mchoma nyama akauliza kama wameoana. Lameck alimwita mpenzi kwa mara ya kwanza wakigombania limau. Evodia akamwachia limau lote.

Ndipo ikaja Alhamisi ile.

Lameck aliingia dukani saa sita mchana na chupa mbili za juisi ya zabibu mkononi, foleni imejaa kama kawaida, na mbele ya meza ya Evodia ameketi Ambokile. Ambokile wa kampuni aliyoiacha. Ambokile aliyefanya naye kazi miaka mitatu, sasa yuko na shati la kampuni, ameinamia skrini. Na kwenye skrini kuna paa la bati la kanisa, tangi jekundu la maji, mistari ya mizabibu. Lameck aliijua picha ile kama anavyoujua uso wa mama yake, maana aliipiga yeye, tumbo likiwa tupu, jua la saa nne likimchoma utosi.

Hakuuliza. Mtu mwenye akili angeuliza. Hasira ikamfunga macho, ikamfungua mdomo.

"Kumbe ndiyo kazi yenyewe! Tunaleta flashi, wewe unawauzia wenzako! Mwizi! Wiki tatu unanilisha maneno matamu kumbe unaniibia!"

Foleni nzima ikageuka kutazama. Hata mashine ya kuchapa ilionekana kusita.

"Lameck," Ambokile alisema akiinuka, "kaka, ngoja—"

"Wewe kaa! Sisemi na wewe!"

Evodia hakupiga kelele. Aliivua ile bangili taratibu, akachomoa flashi, akaiweka juu ya meza mbele yake. Macho yake yalikuwa makavu.

"Hiyo hapo. Toka."

Akatoka. Kwa kiburi kile kile akaenda moja kwa moja kwenye duka jingine, upande wa pili wa mji, akanunua pacha wa ile mashine ya taa. Hakuna aliyemwomba flashi. Walimpa hongera, wakamfungia na kalenda.

Nyumbani kwake Nzuguni aliziingiza picha zote mia tisa, akakaa mbele ya skrini amekunja mikono kama askari wa lango. Asilimia ishirini. Arobaini. Sitini na moja, skrini ikaganda. Akaanza upya. Sitini na moja. Akafungua madirisha upepo uingie, akaanza tena. Hamsini na nane. Mashine haikusogea, ila taa ziliendelea kukimbizana humo ndani, nyekundu kwa zambarau, kama harusi ya jirani ambayo hukualikwa. Lameck aliipiga meza ngumi mpaka kikombe kikaanguka. Aliitukana mashine, akamtukana muuzaji, akawatukana wote waliowahi kutengeneza waya. Aliyestahili matusi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa shati lake.

Siku ya nne Ambokile alikuja mwenyewe, mchana, akasimama uani bila kukaribishwa.

"Nitasema kisha niondoke. Nilikwenda pale kununua mashine yangu. Na mimi naacha kampuni, kama wewe. Sikuwa na picha. Za kampuni haziruhusiwi kutoka. Fundi akafungua mia moja za kwako nione mashine inavyohimili. Sikuondoka na hata moja. Nilimuuliza ni za nani, akasema hainihusu. Akasema, 'Tazama tu zinavyopandana. Mtu huyu hakuacha tundu hata moja angani.'" Ambokile akatikisa kichwa. "Alisema hivyo huku anatabasamu peke yake. Mimi nikasema, huyu dada ana mtu wake. Kumbe mtu mwenyewe ni wewe, bure kabisa."

Lameck alipiga simu mara tisa. Haikupokelewa. Akaketi, akaandika ujumbe kwa namna aliyoijua tangu utoto, akijifunza vina peke yake nyuma ya madaftari ya hesabu:

*Hasira yangu ni moto, imeniunguza mimi,*
*Nilivimba kama mto, nikashindwa na ulimi,*
*Moyo wangu ni kokoto, haucheki hausemi,*
*Pokea simu, mwenzangu, neno moja linatosha.*

Jibu lilikuja baada ya saa moja. "Mizani imetimia. Radhi sijaiona."

Akapiga. Ikapokelewa.

"Sema."

"Evodia, mpenzi—"

"Mpenzi ni yule uliyemwita mwizi, au una mwingine?"

"Nisamehe. Ambokile amenieleza. Nimekosa."

"Unaniomba radhi kwenye simu. Ulinitukana kwenye simu?"

"Hapana."

"Walikuwepo watu wangapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nilihesabu. Kumi na mmoja. Tangu siku ile, Lameck, mteja akileta flashi haiachii. Anaishikilia huku nafanya kazi. Jana mzee mmoja kaniambia niigeuze skrini aone ninachofanya. Miaka mitano nimejenga jina hapa, wewe umelibomoa kwa pumzi moja. Sasa sikiliza. Njoo saa nne asubuhi, foleni ikiwa imejaa. Uliyoyasema kwa sauti, uyafute kwa sauti. Ukiona aibu, baki Nzuguni na taa zako."

"Unataka nijidhalilishe?"

"Mimi ulinipamba?"

Simu ikakatwa.

Siku mbili Lameck alizunguka uani akifoka peke yake. Yeye! Mbele ya watu wa mafaili! Ukoo wa Ndahani haujapiga magoti kwa mtu! Lakini kila alipomaliza kufoka alibaki na kimya cha saa kumi na moja jioni, simu haiiti, hakuna wa kumuuliza kama amekula. Siku ya tatu alijitwika ile mashine begani, akapanda bodaboda.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Evodia alimwona, akaendelea na kazi yake.

"Shikamooni, wazee. Habari za asubuhi, jamani."

"Marahaba," alijibu mzee mmoja mwenye koti. "Ila kama unataka kupita foleni, hupiti."

"Sipiti, mzee. Nina neno." Jasho lilimtiririka katika baridi ile ya kipupwe. "Wiki iliyopita nilisimama hapa nikamwita fundi huyu mwizi. Nilisema uongo. Hakuiba kitu. Ni fundi mwaminifu, na mimi nilikuwa mjinga. Mwenye flashi ampe bila wasiwasi."

"Sauti!" mama mmoja alipaza kutoka barazani. "Sisi wa nje hatujasikia!"

Lameck alifumba macho. Akalirudia lote, neno kwa neno, kwa sauti ya kuuzia nyanya sokoni Majengo. Alipofika kwenye neno "mjinga," wa barazani wakaitikia, "Eeeh!"

Evodia aliinuka. Hakutabasamu.

"Na mimi nina langu. Nilimfungulia mtu picha za mteja bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Nilikosea. Kuanzia leo, hakuna jaribio bila sahihi ya mwenye picha."

"Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kukasirika," Lameck alisema.

"Kukasirika, ndiyo. Kuniita mwizi, hapana. Usinianze. Weka hicho kitu mezani."

Akakifungua, akachungulia, akaguna kwa uchungu wa kweli, kama daktari anayemwona mgonjwa aliyecheleweshwa. "Nafasi nne za RAM, wamejaza moja. Moja! Na wewe ukalipa, ukashukuru."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira haina macho, lakini wewe unayo mawili na miwani juu."

Alipanga vipande vingine vitatu, kimoja kimoja, akivibana mpaka vilie. Giga sitini na nne. Akazima zile taa za rangi bila kuuliza. Programu ikaanza kula picha. Lameck alipewa kigoda, na kwa saa zote zile walibishana: nani alianza, nani alinyamaza zaidi, limau lilikuwa la nani. Sitini na moja ikapita, wote wawili wakaisogelea skrini. Sabini. Tisini. Saa tisa alasiri mashamba ya Chamwino yakainuka kwenye skrini, vilima na mabonde, safu kwa safu, na mkondo wa maji ukionekana wazi ukishuka katikati ya mizabibu. Hakukuwa na tundu hata moja.

"Umepiga vizuri," Evodia alisema, kwa hasira, kama aliyelazimishwa.

"Nakuoa," Lameck alisema, kwa ukali ule ule.

"Umeniuliza?"

"Si ndiyo nakuuliza!"

"Hukuuliza, umetangaza. Hata Bi Hamida kasikia."

"Nimesikia," alisema Bi Hamida.

"Si wewe uliyetaka mambo yetu yawe mbele ya watu?"

"Radhi, ndiyo. Mke haombwi kwenye foleni ya kuchapa. Kwetu Kondoa mtu hutuma mshenga."

"Nitamtuma Ambokile."

Hapo Evodia alicheka, kicheko ambacho duka lilikikosa siku zote zile, akashika ukingo wa meza asianguke. Lameck alikuwa ameshatoa simu, anatafuta namba.

"Mtume," Evodia alisema akifuta machozi. "Huyo anajua kuongea na watu. Ila wewe utabaki nje ya uzio mpaka uitwe. Baba yangu naye ana hasira, na sebule yetu ni ndogo."