Stuli ya Fundi Mrefu

Kila alasiri, Swali alipokuwa akirudi kutoka shule, mlio wa cherehani ulimpokea kabla hajafika mlangoni. Jina la Swali alibandikwa na mama yake alipokuwa na miaka mitatu, kwa sababu akijibiwa moja alikuwa na jingine tayari. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na maswali hayakuwa yamepungua hata chembe. Akishavua viatu, alifagia vipande vya vitambaa sakafuni, akashona vifungo vya sare, ndipo akafungua madaftari yake.

Siku hiyo cherehani ilikuwa kimya. Alimkuta mama amelala chali sakafuni, katikati ya sare za shule ambazo hazijatiwa mikono, macho ameyakodoa darini.

"Mama! Umeanguka?"

"Sijaanguka, mwanangu. Nimejilaza tu. Mgongo umegoma."

"Umegoma kivipi? Jana si ulisema umepona?"

"Jana nilisema hivyo ili ule chakula chako kwa amani." Mama alijaribu kucheka, akaishia kukunja uso. "Nimetoka zahanati. Nesi kasema nikiendelea hivi, nitaiaga cherehani. Amenipa barua ya hospitali kubwa, wiki ijayo."

Mama yake aiage cherehani? Huyu aliyeshona huku akiimba, aliyetambua kitambaa kwa kukigusa tu? Aliogopa, na woga huo ukamtia ukaidi.

"Haiagwi cherehani hapa," alisema. "Ngoja."

Kesho yake alitoa sponji nene kwenye godoro bovu, akaikata, akaivisha kitambaa cha maua na kuifunga juu ya stuli ya mama. Stuli yenyewe ilikuwa ya marehemu babu, ambaye naye alikuwa fundi cherehani. Mama aliikalia, akafumba macho.

"Aaa! Hii sasa ndiyo raha. Umenifanya malkia."

Raha haikumaliza hata saa moja. Malkia alishuka akiwa amejishika kiuno, na sasa hata shingo ilimwuma. Swali aliifungua ile sponji kimyakimya, machozi yakimlengalenga. Kama kitu laini kilimwumiza zaidi, basi dawa ni nini?

Safari ya hospitali ilichukua saa nne kwa basi. Mama alijigeuza kushoto, akajigeuza kulia, kama aliyekalia siafu. Walipofika alitembea ameinama, na Swali akambebea mkoba.

Mtaalamu wa viungo alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha jirani. Hakuanza na mgongo. Alimpandisha mama kwenye kitanda cha wagonjwa kilichoinuka juu.

"Unafanya kazi gani, dada?"

"Mimi fundi cherehani."

"Haya, nishonee gauni. Jifanye uko kazini."

Mama alishona hewani. Mtaalamu alimzunguka, akainama kutazama chini.

"Hapa miguu yako inaning'inia kwa sababu kitanda kiko juu. Na kazini?"

"Nakanyaga kwa ncha za vidole," mama alijibu. "Ndivyo nilivyozoea."

"Na hicho kiti chako, nani alikupimia?"

Swali ndiye aliyedakia. "Kwani kiti nacho hupimwa?"

"Ala! Mtoto wa fundi unaniuliza mimi?" Mtaalamu aliangua kicheko. "Mama yako anawapima watu kutwa nzima, kiuno, kifua, mabega. Kweli mganga hajigangi! Sikiliza. Nyayo zikanyage chini zote mbili, zisinyooshwe kutafuta sakafu. Mapaja yalale sawa. Viwiko viwe usawa wa meza. Akikaa juu mno, anaiinamia kazi mpaka mgongo unalia. Na kila nusu saa ainuke ajinyooshe, na asubuhi afanye mazoezi nitakayomwonyesha. Mgongo haupendi kukaa tu, hata kwenye kiti kizuri."

"Na kwenye basi?" Swali aliuliza.

"Kwenye basi arudi nyuma mpaka mwisho wa kiti, aweke sweta lililokunjwa hapa kiunoni. Basi likisimama, ashuke atembee kidogo."

Wakati wa kurudi Swali alivua sweta lake, akalikunja, akalisokomeza nyuma ya kiuno cha mama. Miguu ya mama haikufika sakafuni vizuri, akaiwekea mkoba chini. Kila kituo alimshusha, hata abiria mmoja akauliza kama wanatafuta choo. Walifika nyumbani mama akiwa bado anaumwa, lakini safari hii alitembea wima.

Kabla hata ya kunywa maji, Swali alichukua futikamba ukutani.

"Simama vizuri, mteja wangu."

"We mtoto!" Mama alicheka, akasimama.

Kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, sentimita thelathini na tisa. Swali akaipima stuli: hamsini na moja. Akaipima tena. Hamsini na moja vilevile.

"Mama, imekuzidi sentimita kumi na mbili! Babu alikuwa mrefu?"

"Mrefu? Akiingia mlangoni lazima ainame."

"Halafu mimi nikakuongezea sponji juu. Kumbe nilikupandisha mlimani! Nisamehe, mama. Stuli ikatwe miguu."

Uso wa mama ulibadilika hapo hapo. "Stuli ya baba yangu haiguswi na msumeno. Nimeikalia miaka tisa. Hayo maneno yaishie hapa."

Swali hakubishana. Alikimbia hadi karakana ya mjomba wake seremala, kaka yake mama, akamweleza yote huku akimwonyesha vipimo alivyoandika kiganjani.

"Siikati bila ruhusa yake," mjomba alisema, akipangusa unga wa mbao kwenye nyusi. "Lakini kumwazima kiti, nani atanizuia?"

Alitafuta kiti cha zamani chenye mgongo, akakipunguza miguu kwa vipimo vile, akakibeba mwenyewe hadi kwa dada yake. "Siku saba tu, dada. Usipokipenda, nakichukua."

Zikaanza siku saba za vita. Swali aliweka saa juu ya meza, na kila nusu saa alipokuwa nyumbani alipaza sauti: "Fundi, inuka!" Mama alinung'unika, akasema hajawahi kuona askari mfupi namna hii, lakini aliinuka. Asubuhi kabla ya shule Swali alimhimiza afanye mazoezi ya hospitalini, na mara mbili alichelewa kidogo akaadhibiwa kufagia darasa. Alifagia bila kulalamika. Siku ya nne mama alianza kuimba tena kazini. Siku ya sita sare zote zilikuwa zimekunjwa, tayari kuchukuliwa.

Siku ya saba mama alimwambia, "Shika upande huu." Wakaibeba ile stuli, wawili wao, hadi karakana. Mjomba alizima mashine.

"Una uhakika, dada? Ni ya baba."

"Nina uhakika." Mama aliipapasa ile stuli. "Mteja akija kwangu nguo inambana, simwambii apunguze mabega. Naifumua nguo. Lakini mimi, miaka tisa, nimekuwa nikiulaumu mgongo wangu, nao hauna kosa. Baba alikuwa fundi. Angeniona ninaning'inia pale juu, angeshika msumeno yeye mwenyewe."

Akamgeukia Swali, akamshika bega. "Nawe usikie. Kitu kikikuumiza kila siku, usiseme umezoea. Mazoea yana taabu. Uliza kinachokuumiza ni nini, kipime, kirekebishe, hata kama unakipenda. Mwili tumepewa mmoja, na huo hakuna fundi wa kuushona upya."

Kisha akavuta pumzi, akamwangalia kaka yake.

"Haya, kata. Ila pima mara mbili."