Chini ya Lango la Bwawa

Soko la samaki kando ya bwawa lilikuwa limefurika asubuhi hiyo. Mzamiaji, mgeni aliyeletwa kukagua na kukarabati ukuta wa bwawa uliozeeka, aliteleza kwenye magamba akaangukia beseni la mchuuzi mmoja wa kike. Perege wakatapakaa chini.

"Ndivyo mnavyonunua samaki kwenu, kaka?" akauliza yule mwanamke, akikung'uta maji kwenye gauni lake la kijani.

"Kwetu tunaanguka kwanza. Tukiinuka tunaomba namba ya simu."

Mwanamke akacheka, akashtuka kujisikia akicheka. Tangu mume wake, mvuvi, aingie bwawani na mtumbwi asirudi, nyumbani kwao watu walinong'ona tu. Mwili haukuonekana. Mama mkwe aliyeishi naye alikataa matanga. Kila jioni alimpakulia mwanawe chakula, akakifunika, na kulipokucha akakimwaga.

Namba alimpa. Simu zikaanza.

"Huko chini leo kulikuwaje?"

"Giza tupu. Napapasa ukuta kama kipofu, natafuta nyufa. Nakuwaza wewe tu."

"Acha uongo. Unawaza nyufa."

"Basi, na nyufa kidogo, laazizi."

Lakini kila mara kabla ya kuagana mwanamke alimuuliza, kwa sauti ndogo, kama hajaona kitu huko chini. Kila mara akajibiwa hapana.

Halafu ghafla mzamiaji akaacha kupokea simu. Wachuuzi wenzake sokoni wakamwambia mwanamke wageni wa mradi ndivyo walivyo, huyo ana mke kwao. Alivumilia hadi akashindwa, akajitanda mtandio, akaenda bwawani.

Alimkuta ameketi juu ya ukuta, suti yake ya mpira kavu, macho yamemwiva.

"Kama umenichoka, niambie usoni."

"Sijakuchoka." Hakumtazama. "Nimemkuta."

Mwanamke hakuuliza nani.

"Mtumbwi umenasa chini, kwenye nondo za lango. Naye yupo. Niliogopa ungeniona kama mtu aliyemtakia kifo. Na kweli, kuna siku nilitaka awe amekufa."

Akampiga kofi. Kisha akakaa kando yake, wakayatazama maji yaliyotulia kana kwamba hayajui lolote.

"Mtoe," akasema mwishowe. "Wewe mwenyewe. Asimguse mwingine."

Akamtoa. Walimzika mchana, jua likiwaka. Baada ya maziko mama mkwe alimwita mzamiaji ndani, akaishika mikono yake iliyochanwachanwa na nondo.

"Kule chini, alikuwa peke yake?"

"Peke yake, mama. Lakini pametulia."

Bibi huyo akaiachia ile mikono. Kisha akamgeukia mkwe wake aliyesimama mlangoni. "Mimi ndiye niliyekufungia humu, mwanangu. Nilijua matanga yakiisha utaolewa. Na ukiolewa, mimi nitakuwa nani kwako?"

Aliyejibu ni mzamiaji. "Utakuwa mkwe wangu, mama. Nilikuwa natafuta pa kupeleka posa. Naileta kwako."

Bibi alimtazama mkwe wake. Mkwe aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka, akaitikia.

"Basi aache kuzamia," akasema bibi.

"Limebaki lango la mwisho, mama. Nikiliacha, ukuta hautapona."

Siku aliposhuka, wanawake hao wawili walisimama juu ya ukuta wameshikana mikono, wameyakodolea macho mapovu ya pumzi yake. Mapovu yakapungua. Hakuna aliyeuachia mkono wa mwenzake mpaka kichwa chake kilipochomoza juu ya maji.