Diski ya Mama Iliwekewa Kikombe cha Chai

Nina miaka arobaini na saba, sina mke, na nimehama miji mingi kuliko mashati niliyo nayo. Nilitoka Webuye na cheti cha kidato cha nne na mfuko mmoja. Nikabeba magunia Kitale. Nikavuka mpaka pale Malaba, nikaishi Jinja miaka minne, nikifundishwa kutengeneza redio na mzee mmoja kiziwi... ndiyo, kiziwi! Alikuwa akiweka kidole kwenye spika ili ajue kama inalia. Nikarudi Eldoret. Nikateremka Nakuru, nikatengeneza televisheni zile za kioo kinene. Nikachuma maua Naivasha mpaka mikono ikabadilika rangi. Mwishowe nikafika Riruta, Nairobi, nikisema nitakaa mwezi mmoja tu. Nikakaa miaka sita.

Katika safari hiyo yote, kitu kimoja hakikuwahi kutoka mfukoni mwangu. Kilikaa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, katikati ya vipande viwili vya katoni. Ni diski ya mama yangu.

Vijana hamzijui diski hizo. Zilikuwa nyeusi, za mraba, laini, pana kama kiganja cha mtu mzima. Mama alikuwa karani wa shule ya sekondari karibu na kwetu, na shule ilipopata kompyuta yake ya kwanza, yeye ndiye aliyeketi mbele yake. Nikitoka darasani nilikuwa nasimama nyuma yake kutazama zile herufi za kijani zikijipanga moja moja. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile tena! Mama alikufa nikiwa kidato cha nne, wiki ya mitihani. Hawakuniambia mpaka nilipoweka kalamu chini.

Katika vitu vyake niliomba diski hiyo tu. Juu yake alikuwa amebandika karatasi na kuandika kwa mkono wake: YANGU. MSIGUSE.

Nilitaka kujua aliandika nini. Je, ni kosa hilo? Lakini shule ilishauza ile kompyuta kwa watu wa vyuma, na kompyuta mpya hazina hata mdomo wa kupokea diski kama ile. Ndiyo maana nilianza kutafuta kompyuta kuukuu. Wenzangu walinicheka. Wacheke! Nilizinunua katikati ya jiji, kwenye ghorofa za chini za majengo ambako ofisi zinapohama huacha takataka zao. Nilizinunua kwa madalali wa barabara ya Luthuli waliokuwa wakizipima kwa kilo kama viazi. Nikasafisha vichwa vya kusomea kwa pamba na spiriti, nikabadilisha kapasita zilizovimba, nikalehemu nyaya nyembamba kama unywele. Zikaanza kuamka moja baada ya nyingine. Watu wa kupiga picha za matangazo wakaja kuzikodi. Wastaafu wakaja na picha na barua zao zilizokwama humo. Ikawa kazi.

Kazi hiyo niliifanya pamoja na Barasa.

Barasa nilikutana naye kanisani, akiimba besi. Anatoka ng'ambo ya mto kutoka kwetu, lugha yetu moja, tunajua makaburi ya nyumbani kwa kila mmoja. Alikuwa na mdomo, mimi nikawa na mikono. Yeye alitafuta wateja, mimi nilitengeneza. Ufunguo wa duka ulikuwa mmoja, tukachonga wa pili, nikampa bila kufikiri mara mbili. Mtu wa kwetu! Ungefikiri mara mbili kwa nini?

Kompyuta ya aina ile ya mama, ambayo peke yake ingeisoma diski yake, niliikosa kwa miaka mitano. Halafu mama mmoja mstaafu wa mtaa wa Woodley akaniita nikamtazamie vitu alivyotaka kuondoa. Nilipoingia sebuleni nikaona kitu kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile kile akina mama hufunika televisheni na redio. Nikainua pembe ya kitambaa... Ilikuwa yenyewe!

"Chukua na kitambaa," mama huyo aliniambia. "Usiiache uchi, imenitumikia."

Nilihangaika nayo wiki saba. Betri yake ilikuwa imevuja na kula ubao. Siku ya kwanza nilipoiwasha ilitoa moshi. Siku ya pili ikalia mara moja, ikazima. Jumatano ya wiki ya saba, saa nne asubuhi, herufi za kijani zikatokea.

Niliingiza diski ya mama. Niliiomba kompyuta inionyeshe majina tu ya vilivyomo, kama mtu anayechungulia sanduku bila kugusa nguo. Yalikuwa majina manne. Matatu yalikuwa ya mitihani. La nne lilikuwa WAFULA.

Wafula ni mimi.

Barasa alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipopeleka kidole kwenye kitufe, akanishika mkono.

"Ndugu yangu, ngoja kwanza. Kitu cha marehemu hufunguliwa na mtu mmoja? Mwite senge yako. Ama umeishi Nairobi mpaka umesahau kwenu?"

Kwetu senge ni shangazi, dada ya baba, na ni kweli kwamba mali ya marehemu haifunguliwi bila shahidi wa ukoo. Senge Nekesa ndiye aliyekuwa shahidi wa sanduku la mama. Niliona aibu. Hata nilimshukuru Barasa kwa kunikumbusha! Nikampigia Senge, akasema Alhamisi kuna mazishi kwa jirani, atasafiri Jumamosi. Diski nikaiacha ndani ya kompyuta, nikafunika kwa kitambaa, nikasubiri. Nilikuwa nimesubiri karibu miaka thelathini. Siku tatu zingenifanya nini?

Wasomaji wangu, siku tatu zilinimaliza.

Jumamosi nilimpokea Senge mjini, na kuku wake ndani ya kikapu. Tulipofika dukani, Barasa hakuwepo. Meza ilikuwa tupu. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri sana, pembe kwa pembe, kimewekwa katikati.

Kile kitambaa kukunjwa kuliniuma kuliko ile meza kuwa tupu. Mwizi hakunji kitambaa!

Simu ya Barasa haikupatikana. Mama Shiro, fundi wa nguo wa mlango wa pili, akatoka na futi yake shingoni. "Kwani hujui? Pikapu ilikuja jana usiku, ukiwa umeshaenda kulala. Barasa mwenyewe ndiye alibeba. Walisema ni ya ile hoteli mpya ya Kinoo, ile ya vitu vya zamani. Mimi nilidhani mmeelewana."

Kesho yake, baada ya kanisa, tulienda Kinoo. Hoteli yenyewe iko kando ya barabara, mlangoni wamening'iniza taa za chemli na baiskeli kuukuu. Kompyuta yangu ilikuwa juu ya kaunta. Kioo kilikuwa kimetolewa. Matumbo yote yalikuwa yametolewa. Ndani walijaza udongo, na mmea wa majani mapana ulichungulia pale palipokuwa na herufi za kijani.

Ni Senge aliyeanza kuzunguka kati ya meza akitazama chini, kama mtu aliyeangusha sindano. Akasimama mbele ya mwanamume mmoja aliyekuwa akinywa chai. Akainua kikombe cha mwenyewe bila kumwomba.

"Wafula. Njoo uone mwandiko wa mama yako."

Diski ilikuwa imegandishwa kwa gundi juu ya kibao cha mbao, ikapigiliwa msumari katikati, ikamwagiwa vanishi. Diski za zamani walizifanya vibao vya kuwekea vikombe! Duara la chai lilikuwa limezunguka maneno YANGU. MSIGUSE.

Msichana wa kuhudumia akaja mbio. "Sasa, bro, hizo si za kuuza. Ni za kuwekea chai."

Meneja akaja pia, na mlinzi nyuma yake. Akasema kile ni mali ya hoteli, walinunua vyote pamoja. Senge akamsogezea kibao usoni. "Wewe umesoma. Soma hapo."

Meneja akasoma kwa sauti. "Yangu. Msiguse."

"Aliyeandika ni mama yake huyu. Na wewe umegusa."

Mlinzi ndiye aliyetufungulia mlango. Tukatoka na kibao chetu, kichwa juu. Lakini nilijua. Fundi hahitaji kuambiwa. Diski iliyopigwa msumari na kunyweshwa vanishi haitasomwa tena na mashine yoyote chini ya jua.

Barasa alikuja dukani Jumatatu, akipiga mluzi, akanikuta na Senge.

"Wafula, wacha kuvimba. Ni kompyuta tu! Nitakutafutia ingine."

Nilimuuliza jambo moja tu. Mbona aliniambia nimngoje Senge?

Akatazama viatu vyake. "Wale watu wa Kinoo walishaiona, walikuwa wanakuja Ijumaa. Ungeisoma hiyo kitu, ungekataa kuiuza."

Mnasikia? Hakuvunja mila. Aliitumia! Alijua mtu wa kwetu akitajiwa marehemu na shangazi atainamisha kichwa, na mimi nikainamisha.

Senge hakupiga kelele. Alimwita kwa jina la baba yake, akamwambia, "Siku yako ikifika, sanduku lako lifunguliwe na wageni." Barasa, mtu wa mdomo, akarudi nyuma hadi mlangoni.

Nilifikiri Senge ataniambia twende nyumbani. Badala yake alivuta kiti, akaonyesha kompyuta nyingine pale rafuni. "Hiyo inaandika? Iwashe. Wewe ulikuwa kwenye mitihani. Mimi nilikuwa kando ya kitanda chake. Andika."

Nikafungua ukurasa mtupu, nikaupa jina WAFULA. Senge akasimulia, mimi nikaandika, Barasa akiwa amesimama mlangoni asijue aingie au aende. Mengi ni yangu, siwezi kuyaweka hapa. Nitawapa moja. Mama alisema: "Huyu mtoto atatembea sana. Msimfunge kamba. Mwambieni tu, popote atakapolala, aoshe sahani yake mwenyewe."

Nilicheka mpaka nikalia. Miaka yote hiyo nilikimbia mji hadi mji nikidhani nina laana ya kutotulia!

Basi ninyi mnaosoma, sikieni. Mila si mbaya, na shangazi yangu ni ushahidi. Lakini aliyeshikilia mkono wako mtazame usoni kwanza: anakuzuia kwa ajili ya nani? Usimpe mtu ufunguo kwa sababu mto wenu ni mmoja. Na kama una barua, diski au kanda ya mtu wako uliyoiweka mpaka siku nzuri, ifungue leo. Halafu watafute waliokuwepo wangali hai, wakueleze. Mashine hufa. Na wao pia hufa.

Jumanne asubuhi niliosha sufuria na sahani zangu, nikazipanga. Nikafunga kibao cha mama, pamoja na diski niliyohifadhia maneno ya Senge, ndani ya kile kitambaa cheupe. Vyombo vya kazi nikatia mfukoni. Barasa alikuwa ameketi nje ya duka.

"Utarudi tu, buda," aliniambia. "Utaenda wapi? Kompyuta hizi utamwachia nani?"

Nilimwekea ufunguo wangu mkononi. Kisha nikachukua kalamu nene ya wino, nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa, mbele ya macho yake: YAKO. GUSA UTAKAVYO.

Senge alikuwa ananingoja barabarani na kikapu kitupu, kuku alishampa Mama Shiro. Hatukugeuka nyuma.