Kofia ya Usiku, Miwani ya Mchana

Nyumbani kwa Bibi Gadja kofia ilikuwa sheria. Usiku, mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayocheza juu ya nchi za baridi, ikiwaka angani, hakuna mtu aliyetoka kichwa wazi. Wala hakuna aliyepiga mluzi, maana mianga haipendi kuitwa. Mjukuu wake Niilas alikuwa mtu mzima, ana mke na ndevu. Hata hivyo alivaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, ndipo akaenda zizini kuwalisha kulungu wake, wale wa nchi za theluji wanaofugwa kama ng'ombe.

Mwaka huo Bibi akapata nguvu mpya. Redio ilisema kwamba mianga hiyo inakula ozoni, ile hewa ya juu inayotukinga na ukali wa jua.

"Mmesikia?" alisema Bibi. "Miaka yote mnanicheka. Leo hata redio imekuja upande wangu."

"Redio haikusema habari za kofia, bibi," alisema Ristiina, mke wa Niilas.

"Haiwezi kusema yote, mke mwenzangu. Ina kazi nyingi."

Mchana hapakuwa na sheria yoyote. Ilikuwa Aprili. Jua limerudi baada ya miezi ya giza, theluji bado imejaa, ziwa bado ni barafu. Kutwa nzima Niilas alikuwa ziwani akimfundisha Muzet, kulungu wake mweusi wa mashindano. Kulungu hukimbia mbele, na mtu huvutwa nyuma akiwa amesimama juu ya mbao za kutelezea. Mwaka huu Muzet ameingia fainali kwa mara ya kwanza. Fainali ni Jumapili. Ukoo mzima uliisubiri, hata wale waliozoea kusema kwamba Muzet ni mvivu kama mwenyewe.

"Vaa miwani ya jua," Ristiina alimwambia kila asubuhi.

"Miwani ni ya watalii. Mimi nimezaliwa kwenye theluji."

"Hata theluji imezaliwa kwenye theluji, na jua linaiyeyusha."

Niilas alicheka, akaenda zake bila miwani.

Jumatano jioni alirudi akipapasa ukuta. Macho yalikuwa mekundu, yanatoka machozi. Alisema ni kama ametiwa mchanga. Hakuweza hata kuitazama taa ya mezani. Ristiina aliogopa sana.

Bibi alimshika kidevu, akamchunguza. "Jana usiku ulitoka kwenda zizini. Mianga ilikuwa inacheza. Ulivaa kofia ngapi?"

"Moja, bibi."

"Basi, nimemaliza. Mume wangu, hutoki tena usiku. Kesho ushinde ziwani, jua zuri likuoshe macho. Yasipopona, Jumapili hakuna mashindano."

Ristiina alichukua koti lake. Alivaa viatu, akaenda kumwita jirani yao Tuulikki.

Tuulikki anafanya kazi katika kituo cha kupima hewa. Yeye na wenzake hurusha baluni kubwa zenye kipimo cha ozoni. Alikuja, akakaa, akapewa kahawa yenye vipande vya jibini ndani ya kikombe, kama desturi ya huko. Bibi hamsikilizi mtu ambaye hajanywa kahawa yake.

"Redio haikudanganya, bibi," alianza Tuulikki.

"Nilijua."

"Jua linarusha upepo wa chembe za umeme. Chembe za namna hiyo ndizo zinazowasha mianga. Nyingine zinashuka zaidi, mpaka kilomita sabini au themanini juu yetu. Huko kuna mvuke kidogo wa maji. Chembe zinauvunja. Hapo vinatoka vipande vya haidrojeni, na vingine vya haidrojeni iliyoshikana na oksijeni. Hivyo vipande ndivyo vinavyokula ozoni. Kipande kikila ozoni moja, chenyewe hakimaliziki. Kinarudi kula tena."

"Mbwamwitu asiyeshiba," alisema Bibi.

"Hasa. Ila mbwamwitu huyu hana maisha marefu. Chembe zikiacha kushuka, baada ya saa chache vile vipande vinashikana tena, vinakuwa maji. Na jua likichomoza linatengeneza ozoni mpya."

Bibi alifikiri. Amechunga kulungu tangu utoto wake. "Mbwamwitu wako kilomita sabini. Na kundi lenyewe liko wapi?"

"Swali zuri sana. Kundi kubwa la ozoni liko chini zaidi, kama kilomita ishirini. Huko juu kuna wachache tu."

"Kwa hiyo mbwamwitu wako mlimani, kundi liko bondeni."

"Ndiyo, bibi. Mianga haiwezi kuitoboa kinga yetu."

"Basi nani amemchoma mume wangu?"

Tuulikki alionyesha dirishani, kule ziwani. "Jua la mchana. Ozoni inazuia ukali wake mwingi, siyo wote. Unaobaki unamshukia kutoka juu. Kisha theluji inaurudisha usoni kutoka chini. Anapigwa mara mbili. Kofia haizuii kitu kinachotoka chini."

"Kumbe tulikuwa tunaziba tundu la ufunguo, na mlango uko wazi," alisema Ristiina.

"Kesho asiende ziwani kabisa," aliendelea Tuulikki. "Akae chumba chenye giza. Mwekeeni kitambaa cha maji baridi juu ya macho, na asiyasugue. Maumivu yasipopungua kesho, mpelekeni kwa muuguzi. Akipona, avae miwani ya jua inayoziba hata pembeni, na apake usoni mafuta ya kukinga jua. Hata siku ya mawingu."

"Watu watanicheka," Niilas alilalamika kutoka chini ya kitambaa.

Bibi alimtazama mjukuu wake. Kisha aliinuka, akavuta kapu lake la nyuzi. Usiku na mchana uliofuata alifuma mkanda mwembamba, mwekundu na wa njano, ufumo wa ukoo wao. Akaufunga kwenye miwani ya jua ambayo Niilas alikuwa akiikataa.

"Sasa wacheke," alisema. "Nataka nimwone mtu anayecheka ufumo wangu."

Ijumaa macho yalikuwa meupe tena. Jumapili Niilas alisimama ziwani na miwani yake, uso unang'aa kwa mafuta. Hakuna aliyecheka. Muzet alikimbia vizuri kuliko alivyowahi kukimbia maishani mwake, akawa wa pili. Aliyemshinda ni kulungu wa msichana wa ng'ambo ya ziwa.

"Pole," alisema Ristiina.

"Pole ya nini? Alivyonipita nimemwona vizuri kabisa," Niilas alijibu, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Bibi alikuwa pembeni, amevaa miwani kubwa kama ya mwendesha pikipiki. Wanawake watatu walikuwa wameshamwomba mikanda.

Jioni mianga ya kwanza ilitokea angani. Niilas alikuwa anakwenda zizini.

"Bibi, sasa tunajua ukweli. Nipige mluzi?"

"Thubutu uone. Elimu nimeipokea. Adabu sijaiacha."

Niilas alitundika miwani mlangoni, mahali pa kuichukua asubuhi, akavaa kofia. Moja tu.