Zamu ya Mke Mwenza

Shati lilirudi na harufu ya waridi. Mke mwingine angenuna siku moja akasahau, lakini huyu alikuwa dobi, na pua ya dobi haidanganyiki. Anajua jasho la mwenye homa, anajua na kola iliyolaliwa na kichwa kisicho cha nyumbani. Tena alikuwa na wivu. Mtaani walimwita Darubini, wala hakukasirika, aliona ni cheo.

"Nani anajipaka waridi huko karakana?" alimwuliza mumewe, fundi makochi.

"Karakana nipo mimi, gundi na sponji. Labda sponji."

Hakucheka. Alikuwa na mimba, na kliniki walimpima wakamkuta amebeba kinasaba cha selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Yeye mwenyewe si mgonjwa, daktari alisema, ila kama na baba mtoto anacho, mtoto anaweza kurithi vyote viwili akazaliwa na ugonjwa wenyewe. Dobi hakuhitaji kuelezwa ugonjwa wenyewe. Mdogo wake alikufa nao akiwa bado na meno ya utoto, akilia kwamba mifupa yake inapondwa. Hospitali yao haikuwa na uwezo wa kumpima mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mume alitakiwa kutoa damu haraka. Na fundi makochi, mwanamume wa kung'oa misumari kwa meno, kila siku akawa na udhuru mpya.

Hatimaye alisema ameshapima, wakaanza kungoja majibu.

Kungoja kulimtoa dobi usingizi, na wivu ukaja kukaa naye macho. Mashati ya mumewe, aliyoyaanika yakakauka, aliyakuta kabatini yana unyevu kifuani, kama yamekumbatiwa na mtu aliyetoka kuoga. Adhuhuri moja alivizia karakana. Alimkuta mumewe peke yake, kainama mbele ya kochi lisilovishwa bado kitambaa, ananong'ona kwa sauti ya upole ambayo yeye hakuisikia tangu siku za uchumba. Sponji la kochi lilikuwa limebonyea katikati. Alipopiga hatua ya kwanza ndani, lilijaa polepole, kama linavyojaa mtu anapoinuka bila haraka, na harufu ya waridi ikampita begani ikatoka nje.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Napiga hesabu ya kitambaa," alisema mumewe.

Majibu yalitoka. Mpima damu alimwambia kwa tabasamu, "Mumeo hana. Mwanao hatakuwa na selimundu." Dobi alirudi nyumbani akiimba, akasamehe waridi na kila kitu, akawasha pasi. Alikuwa amemaliza shati la mumewe na kulitundika kwenye kamba alipoona mkono wa shati unatuna. Ulianza begani, ukateremka hadi kwenye kifungo cha mwisho, na kiganja hakikuwepo.

"Unashangilia damu ya nani, mke mwenzangu?"

Sauti ilikuwa ya kike, karibu mno, na ilijaa kero kuliko ukali.

"Hiyo ni ya shemeji yako kinyozi. Ya huyu sijamruhusu mtu yeyote aitoe. Nilikuwa naye kabla hajaota ndevu, wewe umekuja juzi na karai lako."

Fundi makochi aliporudi alimkuta mkewe kakaa sakafuni, pasi inaunguza kitambaa. Aliangalia shati, akajua.

"Ulimtuma mdogo wako?" mkewe alinong'ona.

"Nilimtuma."

"Unamfanyia mzaha mtoto wangu!"

"Nilikwenda mwenyewe mara mbili, mke wangu. Sindano inaingia, damu haitoki. Wamenichoma mikono yote, kavu. Nikajua ni yeye."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje, wewe Darubini? Kwamba nina mwanamke asiyeonekana? Anayeonekana tu ungemtafuna."

Shati lilicheka. Kisha likasema neno lake taratibu, kama mtu aliyelifikiri miaka mingi. Damu angeiachia. Alichotaka ni zamu. Kila Jumamosi, mchana hadi jua lizame, mke atoke nyumbani, awaachie. Na aridhie kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu yeye kwa kuibaiba alikuwa amechoka.

"Usikubali," alisema mumewe, lakini alisema akitazama chini, na dobi aliliona hilo likamchoma kuliko pasi.

Alitaka kukataa. Mtu aliyewahi kumrukia muuza nyanya kwa kumwita mumewe "mpenzi mteja" angegawana vipi mume na kiumbe kisicho hata na uso wa kukwaruza? Ila kila alipofungua mdomo aseme hapana alimsikia marehemu mdogo wake akilia kule chumba cha pili, akiomba afunguliwe mifupa itoke, na mtoto tumboni akajigeuza, na harufu ya waridi ikazidi hadi hewa ikawa nzito kama mvuke, na mikono yote miwili ya shati ikatuna ikanyooka kumngojea, na mumewe hakuinua kichwa, hakuinua kabisa.

"Mchukue," alisema.

Siku ya pili, sindano haijaingia sawasawa mkononi mwa mumewe, damu ikajaa kichupa, mpima damu akashangaa. Wakangoja upya. Safari hii dobi hakunusa shati lolote. Aliomba tu, kila apumuapo, asikie kwamba mtoto atakuwa mzima.

"Hana," walimwambia kliniki. "Si tulishawaambia mwanzo?"

Alifurahi hadi machozi, na furaha ikamfikisha mlangoni kwake tu. Hapo akaelewa kwamba mtoto alikuwa salama muda wote, na kwamba alimtoa mume ili apate jibu alilokuwa nalo tayari. Aliingia, akasimama katikati ya chumba kitupu.

"Tumepata majibu," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa ondoka."

"Uliridhia," alijibiwa, kutoka upande wa kitandani.

Jumamosi ya kwanza mumewe alilia, akamshika mkono hadi barazani, akamwomba radhi. Dobi alikaa kwa jirani akijidanganya anasuka ukili, masikio yake yako nyumbani. Alisikia kicheko cha mumewe, cha kutoka tumboni, ambacho miaka yote ya ndoa hakuwahi kumtoa.

Jumamosi iliyofuata hakutoka. Alijifanya ana nguo nyingi za wateja, akainama kwenye karai, akasugua. Saa ya mchana ilifika. Fundi makochi alitoka bafuni kanyoa ndevu, kachana nywele, akasimama nyuma yake. Kisha akamwuliza, kwa upole kabisa, "Mke wangu, mbona hujaondoka?"