Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Kitendawili! Anafanya kazi usiku na mchana, hajapumzika hata siku moja, na bwana wake hajawahi kumwona uso. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Ni moyo.

Moyo wa fundi cherehani mmoja ulikuwa umepiga kazi miaka sitini na minane. Kila asubuhi mjukuu wake, binti mwembamba aliyeitwa Sindano, alimtilia uzi kwenye mashine kabla ya kwenda shule. Pembeni palikuwa na kiti cha bibi. Tangu bibi alipofariki kwenye baridi ya mwaka jana, hakuna aliyekikalia. Hata wateja walisimama.

"Babu," Sindano aliuliza asubuhi moja, "bibi alikuwa anameza dawa zake za presha?"

Babu aliikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. "Nipe vifungo vyeupe."

Sindano akatia mkono kwenye kopo. Vingine havikuwa na matundu.

"Babu! Hivi ni vidonge vyako vya presha!"

"Punguza sauti. Vinanikimbiza chooni, na choo kiko uani. Baridi hii inauma kuliko mbwa wa jirani! Vitasubiri joto."

"Kwani moyo unajua kusubiri?"

Babu akacheka, akainuka kuchukua kitambaa. Kicheko kikakatika. Akashika kifua, jasho likamtoka kwenye baridi ileile, akajibwaga kwenye kiti cha bibi.

Sindano alimwona babu, lakini ni kama alimwona bibi. Akatoka mbio hadi kwa muuguzi, nyumba ya tatu. Muuguzi hakuuliza mara mbili. Akaita gari, wakamkimbiza hospitali.

Siku ya nne babu alirudi, amekonda, sauti imeshuka. Muuguzi alikuja kumpima.

"Mzee, baridi hubana mishipa, na moyo husukuma kwa shida. Huu ndio wakati wa dawa, si wa kuziacha. Zikikusumbua, tuambie tupange saa nyingine ya kumeza. Usijiachishe mwenyewe. Na uvae sweta! Unawashonea watu makoti, wewe kifua wazi?"

"Nimesikia, mwanangu."

Muuguzi alipoondoka, babu alimeza kidonge mbele ya Sindano. Akaweka mkono kwenye kiti cha bibi.

"Uliniuliza kuhusu bibi yako," alisema. "Hakuwa anameza. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri joto."