Jawabu la Asya

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Asya alifagia ua, akachemsha chai na kufua nepi za Khairat, mdogo wake wa miezi mitatu. Mama alilala ameelekea ukutani. Ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka kabla ya kujifungua ulikuwa umekauka pembeni.

"Asya! Mama hajambo?" siku moja aliuliza Bi Moza, jirani asiyepitwa na habari yoyote ya mtaa.

"Hajambo, alhamdulillahi," Asya alijibu mbio. Alilelewa kujibu hivyo, na mambo ya ndani aliona haya kuyatoa nje.

Njiani kwenda skuli na mdogo wake Fahmi, aliikumbuka Msuka, walikokaa zamani, Fahmi alipozaliwa. Arubaini nzima bibi alimkanda mama kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga. Wanawake walijaa barazani wakisuka ukili na kumtania mzazi mpaka akashika mbavu kwa kucheka. Raha iliyoje! Sasa bibi amefariki, baba yuko dago, kambi ya wavuvi ya mbali, na hapa Konde mama hana hata wa kumpokea mtoto.

Mchana aliporudi, Khairat alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka. Chakula cha mama hakikuguswa.

"Mchukue, mwanangu," mama alisema huku machozi yakimtoka. "Miye sifai."

Asya aliingiwa na hofu. Alimbeba mtoto, akakimbilia kwa jirani.

"Bi Moza, nilikudanganya. Mama mgonjwa. Hali chakula, usiku halali, analia tu."

"Masikini! Na miye nikidhani anaringa, hataki watu! Twende."

Siku ya pili Bi Moza alimpeleka mama kituo cha afya, ambako alianzishiwa matibabu. Majirani walipokezana kupika na kulea. Baba alipigiwa simu, akarudi. Mama hakupona mara moja, lakini pole pole alianza kula, akamtaka mwanawe, kisha akaomba ukili wake.

"Hii ni sonona, maradhi kama maradhi mengine," muuguzi Bi Zuweina alimweleza Asya. "Humpata hata mama anayempenda mwanawe, hasa akiwa mpweke, amechoka, ana msiba. Si uvivu wala si aibu. Ukiona dalili zake, mwambie mtu mzima unayemwamini. Usibebe peke yako."

Asubuhi moja mpita njia aliuliza, "Asya, mama hajambo?"

Barazani wanawake walikuwa wakisuka, na kicheko cha mama, kile kile cha Msuka, kilisikika mpaka njiani.

"Hajambo," alijibu Asya, na mara hii hakudanganya.